Kipimo cha Tisa

Hebu fikiria meza pana ya mbao kando ya dirisha, na juu ya meza hiyo kinamasi kizima. Matete yake ni njiti za ufagio zilizopakwa rangi ya kijani. Maji yake ni karatasi ya nailoni ya bluu, imekunjwakunjwa ili ionekane ina mawimbi madogo. Katikati ya matete zimesimama nyumba arobaini za kadibodi, kila moja juu ya nguzo sita za njiti za kiberiti. Inama kidogo uchungulie chini yake. Maji yanapita kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho, na hayagusi kitu.

Aliyeutengeneza mfano huo alikuwa msanifu wa majengo, mwanamke wa makamo mwenye vidole vyembamba na macho yaliyochoka mapema. Miezi mitatu ilimwishia pale. Asubuhi moja alikuwa amekaa mbele yake na kikombe cha chai, akiutazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyelala. Ilikuwa asubuhi kama nyingine. Feni ilizunguka, mashine ya kuchapisha michoro ilikohoa kwenye kona, na nje mtu alikuwa anafagia ngazi.

Watu wengi wanadhani kinamasi ni ardhi iliyoharibika. Sivyo. Kinamasi ni sponji. Mvua ikinyesha kinanyonya, jua likiwaka kinatoa kidogo kidogo. Ukilijaza sponji mchanga, maji hayaachi kuja. Yanakosa tu pa kukaa, na mgeni aliyekosa kiti atakaa kitandani kwako. Kwa hiyo msanifu alikuwa amechora nyumba za kusimama, si za kukaa. Kusiwe na kifusi. Pawe na njia za mbao badala ya barabara. Maji machafu yapite kwanza kwenye matete yachujwe. Nguzo zipigiliwe kwa mikono wakati wa kiangazi, ili lisikanyage pale hata tairi moja. Na katikati uachwe mkondo wazi, upana wa hatua thelathini, asijenge mtu.

Hesabu zote za maji zilitoka kwa mjomba wake. Huyo alikuwa mpima ardhi, mrefu, mkavu, mtu wa maneno ya kuhesabu. Ndiye aliyemlea msanifu na mdogo wake baada ya mama yao kufariki. Mjomba hakuruhusu mtu achore hata mstari mmoja mpaka kinamasi kipitishe msimu mzima wa mvua. Alipanda fito tisa ndefu, akaziita vipimo, na kila kipimo alikigonga mara tatu kwa nyundo ya mti, kisha akakiambia kwa upole, kama anayemwambia mtoto: "Kaa hapo."

Halafu alingoja. Maji yakipanda na kushuka huacha mstari wa tope kwenye ufito. Kila siku saa saba mchana, wenzake wakiwa wanakula, yeye alikuwa ndani ya maji anasoma. Mstari wa juu kabisa aliuwekea alama ya rangi nyekundu.

"Maji yanaandika yenyewe," alizoea kusema. "Kazi yetu ni kusoma tu."

Vipimo vinane vilisoma kimo cha goti. Cha tisa, kilichokuwa kando ya mkondo, kilisoma kifuani: sentimita mia moja thelathini na mbili. Kwenye mfano, msanifu aliviweka vyote kwa njiti tisa za kiberiti ambazo hazijawashwa, vichwa vyekundu juu.

Ilikuwa karibu saa sita mwenye mradi alipoingia. Wafanyakazi walimwita Bwana Tayari, kwa sababu kitu kikiwa hakijaanza, yeye alishawaambia watu kwamba kiko tayari. Alizunguka meza mara mbili, mikono nyuma.

"Msanifu, hili ni banda la kuku."

"Ni nguzo, bosi. Ili maji yapite."

"Maji yapite yaende wapi? Wateja wangu ni watu wa makochi na makabati. Mtu mwenye kochi hapandi ngazi ya kuku."

Akaweka kidole juu ya paa la nyumba ya kona, namba tisa, iliyo jirani na kipimo cha tisa, akakandamiza. Njiti sita zikavunjika moja baada ya nyingine. Nyumba ikakaa kitako juu ya nailoni ya bluu.

"Umeona?" akasema. "Sasa ni nyumba."

Akavuta jedwali la vipimo. Alikuwa ameshalisoma, hilo msanifu aliliona kwa jinsi kidole kilivyokwenda moja kwa moja.

"Darasa lina watoto tisa. Wanane wanajibu sawa, mmoja anajibu kivyake. Nani kakosea?"

Msanifu alilijua jibu. Yule mmoja hakukosea. Yule mmoja alikuwa amekaa karibu na mlango, ndiye aliyesikia swali. Alifungua kinywa aseme hivyo.

"Hii ya kona ni ya mdogo wako," Bwana Tayari alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sisahau watu. Nasikia bado anashonea koridoni. Tukijaza kifusi, anahamia. Tusipojaza, mradi unakwenda kwa mchoraji mwingine, naye atajaza. Amua wewe, dada yangu."

Mdogo wake alikuwa mshonaji. Aliishi chumba kimoja kwenye jengo la vyumba kumi na sita, na cherehani yake aliiweka koridoni, kwa hiyo kila jirani akitaka kupita na ndoo ilimbidi ainuke, asogeze kiti, apishe, akae tena. Alikuwa na miaka kumi na minne alipoacha shule ili dada yake amalize. Hajawahi kumkumbusha hata siku moja. Hilo ndilo lililouma.

Alasiri ile msanifu alichukua kalamu, na pembeni ya namba ya kipimo cha tisa akaandika maneno matatu: kosa la usomaji. Kisha akaishika njiti ya tisa kwenye mfano na kuing'oa. Ilitoka kirahisi, kama jino la mtoto. Akaitupa kwenye droo.

*

Mjomba alikuja ofisini siku ya nne, nakala ya michoro mkononi. Hakukaa.

"Ni wewe uliyeandika hivi?"

"Ni mimi, mjomba."

"Nimesoma maji miaka thelathini na minane." Alitazama mfano, nyumba zote sasa zimekalishwa chini. "Hukuandika kwamba maji yamekosea, mpwa wangu. Umeandika kwamba nimekosea mimi."

"Mjomba, hiyo ni karatasi tu."

"Ndiyo. Na watu watalala juu yake."

Akauliza kipimo chake kiko wapi. Msanifu akamwambia vibarua walishaking'oa, wameanza kumwaga kifusi upande ule. Mjomba aliikunja ile nakala mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Nakwenda kukirudisha," alisema.

Walimpata baada ya siku mbili. Kilikuwa kiangazi, na kinamasi hakikuwa na maji zaidi ya vifundo vya miguu. Alikuwa kando ya mkondo, mahali pa kipimo cha tisa. Daktari alisema ni moyo. Hakueleza kwa nini moyo ulisimama na mtu asianguke.

Maana mjomba alikuwa amesimama. Mgongo umenyooka, mikono ubavuni, macho wazi yanatazama mbele, miguu imezama topeni. Shati lake lilikuwa na mstari wa matope kifuani, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Juu ya mstari lilikuwa kavu, na bado lina mkunjo wa pasi. Chini ya mstari lilikuwa linachuruzika maji.

Ilibidi watu wanne kumng'oa.

Msanifu alisimama kwenye ukingo wa kifusi akaona. Hakumweleza mdogo wake kuhusu maneno matatu. Alisema mjomba alikwenda kazini, moyo ukamgomea. Wakamzika, wakalia, na wiki iliyofuata malori yakaendelea.

*

Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye nyumba arobaini zilikuwa zimekaa juu ya kifusi, nyeupe, safi, zinafanana kama vikombe vya seti moja. Mkondo ulikuwa umetiwa kwenye bomba la saruji ambalo mtu mnene asingeweza kulipita. Mdogo wake alipewa funguo za namba tisa. Aliweka cherehani katikati ya sebule, mbali na ukuta wowote, akakaa. Akaegemea nyuma. Hakuna aliyemwambia "naomba nipite."

"Dada," alisema, "naweza kunyoosha miguu." Akainyoosha, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kwa miezi minne mambo yalikuwa mazuri. Akapata wateja. Bibi mmoja mstaafu wa namba kumi na moja, aliyeishi peke yake, alikuwa analeta magauni yake yapunguzwe, na mara nyingi alisahau kuyachukua ili apate sababu ya kurudi kuzungumza. Walipeana funguo za akiba, kama majirani wanaoaminiana.

Halafu siku moja ya jua kali, simu ya msanifu ikalia.

"Dada, njoo uone ukuta."

Ulikuwa mstari. Ulianzia nyuma ya mlango, ukazunguka sebule yote, ukaingia jikoni, ukatoka, ukarudi pale ulipoanzia. Mstari wa tope, mwembamba kama kamba. Juu yake rangi nyeupe ilikuwa kavu. Chini yake ukuta ulikuwa baridi, na ukiweka kiganja kinatoka kimelowa.

"Unyevu," msanifu alisema. "Nyumba mpya huwa hivyo."

Wakaita fundi rangi, mtu wa maneno mengi, kofia ya gazeti kichwani. Alikwangua, akapaka, akasubiri, akapaka tena. Siku ya pili saa saba mchana mstari ulirudi mahali pale pale. Akapaka kwa rangi ya mafuta. Ukarudi. Mara ya tatu alisimama katikati ya sebule, brashi mkononi.

"Dada zangu, mimi nimepaka nyumba za walevi, nimepaka nyumba za watu wanaorushiana masufuria. Hakuna ukuta uliowahi kunikataa. Huu umenikataa."

"Labda rangi yako ni maji matupu," mdogo alimtania.

Fundi hakucheka. Alikuwa anafunga makopo yake haraka haraka. Mlangoni alimgeukia msanifu na kunong'ona, "Mama, unyevu hupanda na kushuka. Nimeutazama huu kwa rula. Hausogei hata unywele."

Hakurudi tena. Ngazi yake aliiacha.

Mdogo wake ndiye aliyepima, kwa futi yake ya kushonea. Sebuleni, jikoni, chumbani, kila mahali alisoma namba moja.

"Mia moja thelathini na mbili," alisema huku futi ikining'inia shingoni. "Inachekesha, dada. Sakafu yenyewe imeinama kidogo kule jikoni, lakini mstari haujainama. Nani anaweza kupiga mstari hivyo?"

Msanifu alisema tena neno lile: unyevu.

Wiki iliyofuata ulikuwa kwenye nguo. Magauni yaliyoning'inia kwenye kamba, sanamu ya kujaribishia nguo, mapazia, vyote vilikatwa na tope kwenye kimo kimoja. Chini vimelowa, juu vikavu. Mdogo wake aliyafua magauni ya watu, akayapiga pasi, akayarudisha kwenye kamba. Kesho yake saa saba yakawa vilevile.

Halafu ikaja sauti.

"Mchana tu," mdogo wake alinong'ona kwenye simu, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili. "Chini ya vigae. Mtu anapigilia kitu. Anagonga mara tatu, ananyamaza."

Msanifu alikuwa mezani kwake. Mbele yake mfano wa kinamasi ulikuwa umejaa vumbi. Alifungua droo atafute njiti aliyoitupa. Hakuiona.

*

Mistari ilianza kuonekana nyumba nyingine pia, hafifu, na watu wakaanza kuulizana. Bwana Tayari akaitisha mkutano kwenye uwanja wa maegesho, akaleta viti vya plastiki, akamsimamisha msanifu mbele.

"Aliyechora ndiye huyu. Mwulizeni."

Watu sabini walimtazama. Mdogo wake alikuwa mstari wa mbele, futi bado shingoni. Bibi wa namba kumi na moja alinyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu, mimi sijui mambo ya ujenzi. Nataka neno moja. Tulale, au tusilale?"

Palikuwa na nafasi hapo. Ukubwa wa pumzi moja. Msanifu aliwaza malori, mahakama, jina lake kwenye magazeti, kisha akaiona cherehani imerudi koridoni.

"Laleni," alisema. "Pako salama."

"Umesema wewe," bibi alijibu, akashusha mkono, "mimi nimelala."

*

Siku ya tano baada ya mkutano msanifu alikwenda namba tisa adhuhuri. Mawingu yalikuwa mazito lakini mvua haijaanza. Mdogo wake alikuwa anashona gauni la bibi. Msanifu akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Wakazungumza mambo madogo: bei ya uzi, jirani anayefuga mbwa asiyebweka. Saa ya ukutani ikafika saa saba.

Cherehani ikanyamaza.

Chini ya vigae, kitu kiligonga. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Msanifu aliujua mlio ule. Nyundo ya mti. Alikua akiusikia.

"Dada," mdogo wake alisema polepole. "Miguu yangu."

"Ina nini?"

"Ni baridi. Haitoki."

Alikuwa amesimama. Msanifu hakumwona akisimama. Mgongo umenyooka. Mikono inashuka ubavuni yenyewe, kidogo kidogo, kama inayovutwa na uzi. Vigae chini ya miguu yake vilikuwa vizima, vinang'aa. Lakini miguu ilikuwa ndani. Mpaka vifundoni.

Kwenye pindo la gauni lake, giza la maji lilianza kupanda. Magotini. Mapajani. Kiunoni. Halikuacha tone sakafuni.

Msanifu alimshika mkono akavuta. Mkono ulikuwa baridi na mgumu. Kama mti.

Na chini ya sakafu, kwa upole, sauti ilisema: "Kaa hapo."

Mdogo wake aliisikia.

"Ni mjomba," alinong'ona. "Dada, kwa nini mjomba ananiambia nikae?"

Maji yalifika mbavuni.

"Kwa sababu niling'oa kipimo chake." Maneno yalimtoka msanifu kama matapishi. "Hakukosea. Maji yalifika hapa, kifuani, na mjomba aliyasoma sawasawa. Mimi ndiye niliyeandika kwamba kakosea. Mimi. Ili wajaze kifusi, ili upate nyumba hii. Mjomba hakukosea."

Maji yakaacha kupanda.

Mdogo wake alianguka mbele, juu ya cherehani, kama mtu aliyekatiwa kamba. Miguu yake ilikuwa imelowa na ina matope, kiatu kimoja hakipo. Vigae havikuwa na ufa. Kile kiatu hakikupatikana kamwe.

Alikaa chini akivuta pumzi. Kisha akamtazama dada yake, na msanifu akatamani vigae vingemshika yeye.

"Ulijua," mdogo alisema. "Ukutani ulijua. Kwenye magauni ulijua. Juzijuzi nimekaa mbele yako kwenye kile kiti cha plastiki, nawe ukaniambia nilale."

"Nilitaka uwe na kwako."

"Ungeniambia, dada, ningeishi hata kwenye banda la kuku."

Hakupaza sauti. Aliichomoa cherehani kwenye meza yake, akaibeba kichwani, akatoka na kiatu kimoja. Msanifu alitaka kumsaidia kubeba. Mdogo wake alisema, "Naomba nipite."

*

Siku ile na siku iliyofuata msanifu aligonga milango thelathini na tisa. Aliwaambia ukweli wote. Wengine walimfukuza. Wengine walimpigia simu Bwana Tayari, naye akawajibu kwamba msanifu ana msongo wa mawazo, amefiwa. Baadhi waliona macho yake, wakafunga mizigo.

Bibi wa namba kumi na moja alimkaribisha ndani, akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Juma hili ulisema pako salama. Leo unasema si salama. Sasa mwanangu, nikuamini siku gani?"

"Leo, bibi. Nakuomba."

"Mtu mzima hasemi mawili. Mimi nilishalala."

Mvua ilinyesha usiku mzima na asubuhi yote. Maji hayakuja na kishindo. Bomba la saruji lilijaa, likakataa, na saa saba mchana, watu wakiona kwa macho yao, maji yakainuka kutoka chini ya sakafu za nyumba zote arobaini, meusi, yanabeba majani ya matete yaliyozikwa na kifusi. Waliokuwemo walipanda juu ya mapaa. Wakahesabiana kutoka paa moja hadi jingine. Alikosekana mmoja.

Maji yaliposhuka, waokoaji walimkuta bibi namba tisa. Huenda alikwenda kuokoa gauni lake, kwa kuwa ufunguo wa akiba ulikuwa mlangoni. Alikuwa katikati ya sebule, pale ilipokuwa cherehani. Amesimama. Mgongo umenyooka. Gauni mkononi. Kifuani mwake palikuwa na mstari, na ukutani mstari, na safari hii yote miwili iliachwa na maji yaliyoonwa na watu. Mtu mmoja alipima. Mia moja thelathini na mbili.

Ilibidi watu wanne.

*

Pakaundwa tume. Msanifu alikwenda kwa hiari yake na kueleza kila kitu, kalamu, njiti, maneno matatu. Waliandika, wakamshukuru, wakampa maji ya kunywa. Ripoti ilipotoka ilikuwa na kurasa tisini, na chanzo kilielezwa kwa mstari mmoja: kosa la usomaji, la mpima ardhi ambaye sasa ni marehemu. Walikuwa wamelipata kwenye jedwali, limeandikwa vizuri. Marehemu hakati rufaa. Bwana Tayari anajenga mahali pengine, na watu wanasema tayari kumeshakuwa tayari.

Mdogo wake amerudi koridoni. Simu hapokei.

Msanifu sasa anaishi ghorofa ya nne, chumba kimoja kikavu, mbali na mto wowote. Aliyemtembelea mara ya mwisho aliona mstari wa tope ukutani unaozunguka chumba chote, na daftari mezani lenye tarehe za kila siku na namba ile ile moja. Aliona pia njiti ya kiberiti ambayo haijawashwa, imesimama wima katikati ya kigae kizima, kichwa chake chekundu kimelowa. Mgeni aliinama aiokote. Msanifu alimshika mkono, kwa upole tu, akatazama saa. Ilikuwa inakaribia saa saba, na alikuwa ameshavua viatu.

Huenda nawe siku moja utapita mahali pakavu, jua linawaka, ukakuta ufito umesimama peke yake na alama nyekundu juu, na hakuna maji popote. Utaona hauna maana. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: usiung'oe. Yupo mtu aliyesimama majini mpaka kifuani ili auweke.